Miisho ya Valentin

Valentin Niyibizi hakuwahi kumaliza kitabu hata kimoja, na biashara yake ilikuwa ya vitabu. Kila asubuhi, kabla ya kutandika shitingi yake ya plastiki pale sokoni Birere, alishika wembe, akakata kurasa za mwisho za kila kitabu, akazifunga kwa nailoni na kuzipa cheo: tome ya pili, yaani juzuu ya pili. Leo ulinunua hadithi, kesho ulirudi ukihema kununua mwisho wake.

Lakini mdomo! Huo Mungu alimpa bila kupima.

"Muzee, kwa magoti haya, chukua hiki cha safari, utazunguka dunia ukiwa umekaa! Mama, mutoto anapiga wenzake? Hiki, cha sungura aliyefukuzwa masomo. Weye dada unaolewa? Cha mapenzi, lakini usome mbele ya ndoa. Kiisha hautapata wakati!"

Siku moja akatokea Mama Eugénie, muuza maharagi wa mji wa Kiwanja. Valentin aliuona mkoba wake kabla ya kuuona uso.

"Na hizi ndogo-ndogo?"

"Miisho, mama. Tome ya pili."

"Batu banazirudiaka?"

"Wote, mama! Mutu hawezi kulala."

"Basi nipe miisho yote. Bitabu, bakia nabyo."

Valentin nusura amcheke usoni. Kununua mikia bila mbuzi! Alimsaidia hata kubeba.

Kesho yake wateja wakaja kuulizia miisho, wakasikia hakuna, wakaenda zao. Mvua ikanyesha. Kwa uchovu tu, Valentin akafungua kitabu cha mnunuzi wa kahawa aliyetiwa sumu arusini. Ukurasa, ukurasa. "Ni shoferi!" akapiga kelele peke yake. Hapana, mjane! Mpelelezi akawakusanya wote sebuleni, akakohoa, na... wembe. Wembe wake mwenyewe.

Akakimbia. Hakufika mbali. Kwenye kona Mama Eugénie alikalia gunia, wateja wa Valentin wamejipanga mbele yake, yule muzee wa magoti amepewa kiti. Hivyo ndivyo alivyofanya kule Kiwanja kila msimu: ananunua mbegu zote za maharagi, halafu anangoja mvua.

"Mama, tafazali, ule wa mnunuzi wa kahawa!"

"Unabakia moya. Leta bitabu byote na shitingi."

"Mama! Nitakula nini?"

"Basi achana nao. Hautakufa."

Valentin aliona atakufa. Akatoa vyote.

Alisoma amesimama matopeni. Mpelelezi akainua kidole, akampita shoferi, akampita mjane, akasimama mbele ya... Karatasi ya mwisho haikuwepo.

"Mama Eugénie!"

"Ile ni tome ya tatu, papa," akajibu, akitandika shitingi.

Valentin aliutazama ule mkato. Ulinyooka kuliko yake yote. Akacheka mpaka machozi, akajiita mjinga mbele ya watu, kisha akainama.

"Mama, hauhitaji mutu wa kuambia batu kitabu gani kinabafaa? Mshahara, hiyo karatasi tu."

Mama Eugénie akamtazama viatu, halafu mdomo.

"Unaanza sasa," akasema. "Utalipwa mwisho wa mwezi."