Ada ya Kumwona Bryson

Jumatatu, 12 Januari

Nimepata wazo! Mimi Uweso, Katibu wa Kamati ya Michezo ya kijiji hiki, nitamleta Bryson Castory. Bryson mwenyewe! Mshambuliaji anayecheza ng'ambo, mtoto wa kambi za mkonge za huku huku Tanga, ambaye vijana wote wananyoa kama yeye. Atakaa kwenye bonanza letu, atapunga mkono, ataondoka. Basi. Kijiji kitajulikana. Jirani zetu wa Tongoni wana magofu yao, wageni wanakwenda kupiga picha. Sisi tuna nini? Kisima cha maji ya chumvi.

Nimempigia wakala wake, anaitwa Rahimu. Kasema Bryson haji bure, ipo ada ya kumwona. Nikauliza, hata kwao? Kasema hasa kwao. Akataja kiasi. Nikatafuta mahali pa kukaa.

Kisha nikakumbuka kwamba kiasi hicho tunacho. Kipo kwenye mfuko wa kijiji, ushuru wa nazi na samaki unaokusanywa tangu mwaka juzi kununulia pampu ya kisima kipya. Kimelala tu. Fedha gani inalala wakati Bryson yupo macho?

Jumatano, 14 Januari

Nimepeleka hoja ofisini kwa Mtendaji Manase. Msambaa huyu ni mtu wa haki, anaimba kwaya Lutheri, lakini nilipotaja Bryson macho yakang'aa. Akauliza kama itawezekana kupiga naye picha. Nikamwambia ya kushikana mkono kabisa!

Akaingia Bi Semeni. Mwenyekiti wa Kamati ya Maji, mama mtu mzima, mfuko ule haukohoi bila yeye kusikia. Nikamwamkia shikamoo kwa adabu zote. Akaitikia, akaketi, akasema ushuru ni jasho la watu. Mkwezi katozwa, mvuvi katozwa, ili wanywe maji. Hawakutozwa ili mtu tajiri aje kukaa kwenye kiti. Nikamweleza habari ya hamasa kwa vijana na wawekezaji. Akauliza kama watoto watamnywa huyo Bryson.

Manase akacheka. Mimi sikucheka. Mwanamke hana maono.

Ijumaa, 16 Januari

Ushindi! Bi Semeni kafiwa na binamu yake huko Mkwaja, kaondoka alfajiri. Mungu amrehemu marehemu, kafa kwa wakati wake. Nikamshawishi Manase tuitishe mkutano wa kijiji leo leo, baada ya sala. Vijana wa timu nikawapanga mbele. Nikauliza nani hataki kumwona Bryson. Nani atanyanyua mkono kwa swali kama hilo? Imepita. Fedha nimeituma kwa Rahimu kabla jua halijazama.

Jumanne, 20 Januari

Matayarisho. Mgeni rasmi hakai kiti cha plastiki, kwa hiyo nimechukua sofa la Nasma, mke wangu, lile alilotoka nalo kwao. Kanuna. Kasema hata shangazi zake hawalikalii. Nikamwambia baada ya Bryson litakuwa sofa la historia. Kaongeza vitambaa vya kufuma huku amenuna vilevile. Ndiyo maana nampenda.

Bi Semeni karudi kutoka msibani. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Hakutukana. Kaja hadi uwanjani, kalitazama sofa chini ya turubai, maua ya plastiki, boksi la tishu, chupa ya maji. Kasema kwa upole: "Haya, mwanangu. Mgeni ukishamwita, huwezi kumchagulia kiu yake."

Sijui alimaanisha nini. Nilikosa raha mpaka magharibi.

Jumamosi, 24 Januari

Nitaandika kabla sijalala.

Watu walijaa tangu saa nane. Timu ya wapinzani ikaingia uwanjani kinyumenyume, kama kamati yao ya ufundi, yaani waganga wao, ilivyowaagiza. Hakuna aliyeshangaa. Macho yote yalikuwa kwenye sofa. Itifaki ni itifaki, bila mgeni rasmi mpira hauanzi.

Saa tisa ujumbe ukaingia. Rahimu! Bryson alikuwa anatokea Mombasa, kakwama mpakani Horohoro, karatasi zina hitilafu, kageuza gari. Haji. Na ada hairudi, maana ile ilikuwa ada ya kukubali kuja, na Bryson alikubali kwa moyo mkunjufu. Nikapiga. Simu imezimwa.

Nikachungulia. Bi Semeni mstari wa mbele, mikono mapajani. Manase kavaa suti ya Pasaka.

Nikabuni mpango papo hapo. Nitatangaza mgeni anaingia, watu watasimama na kugeukia barabarani, mimi nitapita nyuma ya turubai nipotelee minazini. Nikashika kipaza sauti. Nikasema mabibi na mabwana, tusimame tumpokee mgeni wetu rasmi!

Wakasimama. Wakageuka. Kisha wakapiga makofi.

Barabara ilikuwa tupu, nimeitazama mimi mwenyewe. Lakini vichwa vilikuwa vinasogea. Vyote kwa pamoja, polepole, vinamfuata mtu anayetembea. Kutoka barabarani, kukatiza uwanja, kuja jukwaani. Mbuzi wa Kombo, yule mwenye duka, alikuwa amelala katikati ya njia. Akainuka, akapisha.

Mto wa sofa ukabonyea.

Mimi sikuona kitu. Wallahi sikuona kitu! Wachezaji wakapanga mstari, wakapita mmoja mmoja wakishika mkono wa hewa, na kila aliyeushika alijifuta kiganja kwenye bukta. Manase kashikana naye mkono mpaka kamasi la furaha likamtoka. Mpira ukachezwa. Hakuna hata mtu mmoja aliyeutazama.

Nilibaki nikiitazama ile chupa ya maji. Kizibo hakijafunguliwa, utepe haujakatwa. Na maji yalikuwa yanashuka. Yalishuka taratibu, mpaka chupa ikawa kavu, ikajikunja yenyewe.

Niliogopa. Naandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma. Niliogopa kama mtoto.

Jumapili, 25 Januari

Nimelala, nimeamka, nimefikiri upya. Niliogopa nini? Nimeshinda!

Kijiji kizima kinaimba Bryson. Nasma kasema alikuja hadi nyumbani jana baada ya mpira, kijana mpole, kaingia nyumba moja hadi nyingine akisalimia. Kaomba maji. Kachota mwenyewe mtungini kwa kata, mpaka mtungi ukaisha. Nikauliza yukoje. Kasema mrefu. Kombo kasema mfupi. Kipa wetu kasema ana upara. Hawakubaliani kwa lolote isipokuwa kwamba mkono wake ulikuwa wa baridi sana, na kwamba alikuwa na kiu.

Hakuna anayelalamika ushuru wake. Mzee mmoja kasema angeweza kulipa mara mbili. Bi Semeni mwenyewe kaja, kaniambia nilikuwa na haki, mgeni amekuja. Nilipomwamkia aliitikia huku akitazama pembeni yangu kidogo. Aibu hiyo! Anajua kashindwa.

Kitu kimoja tu kimeniudhi. Wote wananiuliza jana nilikuwa wapi. Nikasema si mimi niliyeshika kipaza sauti? Wakasema hapana, Katibu, hukuwepo, tulikutafuta.

Manase kanionyesha picha kwenye simu yake. Anajiona kashikana mkono na Bryson. Mimi namwona Manase na suti yake na sofa tupu. Na pale nilipokuwa nimesimama, ubavuni kwake kabisa, pana turubai tu.

Simu za siku hizi mbovu.

Jumatatu, 26 Januari

Kisima kimekauka. Kile cha chumvi, kilichokuwa kinatukera, nacho hakina kitu. Ndoo inapanda na mchanga. Mapipa ya watu majumbani yamekauka pia, hata yaliyofunikwa. Wanawake wamekwenda Tongoni na madumu kichwani.

Nimekwenda dukani kwa Kombo kununua maji ya chupa kabla hayajapanda bei. Nikatoa salamu. Nikarudia. Kaendelea kufunga sukari. Nikaweka fedha mezani, akaichukua akidhani kaisahau yeye, akaitia mfukoni!

Nimeelewa. Wamenisusia. Huku kwetu mtu akikosana na watu hasalimiwi, harusi yake haiendewi, anatengwa mpaka aombe radhi. Bi Semeni kaanzisha hilo kwa wivu. Vizuri! Na mimi nitawasusia.

Jumatano, 28 Januari

Mkutano wa dharura. Ajenda ni maji. Nilikwenda mapema, nikakaa mbele ili wapate taabu ya kunisusia vizuri.

Leo hawakumtaja Bryson kwa furaha. Wameuliza fedha ya pampu ilikwenda wapi. Manase, yule yule aliyetia saini, kasema aulizwe Katibu Uweso. Nikasimama. Nikanyoosha mkono nikisema taarifa, mheshimiwa, taarifa! Manase katazama kulia, kushoto, kasema Katibu hayupo. Nikapanda juu ya kiti. Kasema hajaonekana tangu Jumapili, huenda kakimbia. Nikamkamata begani, nikamtikisa. Kajikunja, kasema pana upepo wa baridi, mtu afunge dirisha.

Hapo nikatambua si kususiwa.

Bi Semeni akasimama. Nilitegemea anizike. Kasema Uweso ni mjinga lakini si mwizi, ana mke, arudi tu aeleze, hakuna atakayemgusa. Kasema kwa sauti ya mtu anayelia kwa ndani. Nilikuwa mbele ya uso wake, namwona mpaka kope. Nilimwitikia. Niliitikia naam kwa nguvu zangu zote.

Nilirudi nyumbani nikikimbia. Nasma alikuwa anapakua. Sahani yangu kaiweka, kaifunika kawa, kakaa akiutazama mlango. Nilikula. Alipofunua aliona wali upo vilevile. Mimi nimeshiba, na wali upo! Akalia. Nimeoa mwanamke huyu kwa mapenzi na sijawahi kumsikia akilia hivyo. Nami nililia ubavuni kwake, na hakusogea.

Ijumaa, 30 Januari

Siku mbili nimefikiria hali yangu. Mbaya, ndiyo. Lakini pana upande wa pili.

Hakuna anayeweza kunidai. Hakuna mkutano utakaonisomea mahesabu. Zaidi ya yote, natajwa kuliko Bryson! Vijana wamenitafuta minazini, wavuvi wameulizia mpaka Pangani. Manase kapigia kituo cha polisi. Jana watu walisimama barazani kwangu wakinizungumzia mimi peke yangu, nami nimekaa katikati yao nikisikiliza. Mtu akiwepo hana thamani. Miaka yote nilipatikana bure, nani alinitafuta?

Nimejaribu simu. Nikipiga wanasikia upepo. Lakini ujumbe unafika! Nilimwandikia Manase kwamba ni mimi, nipo hai, nipo tayari kuonekana hadharani. Alijibu haraka sana akimshukuru Bwana. Nikamwandikia masharti. Usafiri hauhitajiki, nipo jirani. Turubai, vipaza sauti. Na ada.

Kisha kasema watajadili, lakini kwanza wanachanga upya fedha ya pampu, Bi Semeni kakomaa, hata senti haitoki kabla maji hayajatoka. Mwanamke yule yule! Hajifunzi!

Nitaonekanaje hasa? Hilo tutaliangalia malipo yakishaingia.

Jumapili, 1 Februari

Kijiji kimekataa. Kura zote. Wamesema ushuru hautamlipa tena mtu yeyote kwa kuonekana, na kama Uweso anawapenda atakuja mwenyewe. Wanapoteza nafasi ya pekee.

Asubuhi Nasma kaniandikia. Hajui kwamba nimekaa kizingitini, naye yupo mkekani, nikinyoosha mguu nitamgusa. Kaandika: "Mume wangu, njoo. Sitaki maelezo, sitaki fedha ya watu. Nataka kukuona tu."

Nilisoma huku nikimwona anaandika. Moyo uliniuma, sitaficha. Kidogo tu nimjibu kwamba nipo hapa, nishike.

Lakini nikafikiri vizuri. Nikionekana kwa mke wangu bure, kesho kijiji kizima kitataka bure. Biashara inakufa kabla haijaanza. Nikamjibu kwa heshima kwamba kwake yeye, kwa kuwa ni familia, nitampunguzia.

Kasoma. Kaiweka simu mkekani. Kainuka, kakusanya nguo zake kwenye kanga, kamwita mpwa wake amsaidie kubeba sofa. Kwao Mkwaja ni mbali, na gari linaondoka saa sita. Sasa hivi anafunga fundo la kanga, taratibu, anageuka kuutazama mlango, anafunga tena.

Anataka nimwonee huruma. Namjua. Sishuki bei.