Kamati ya Raha za Miji Yafika Newala

Kitu cha kwanza alichokiona Sijaona kwa yule mwenyekiti ni kalamu. Alikuwa nazo tatu kwenye mfuko wa shati, na zote zilikuwa na vifuniko vyake. Mtu mwenye kalamu tatu zenye vifuniko, aliwaza Sijaona nyuma ya mlango wa jikoni, hajaja kucheza.

Na kweli hakuja kucheza. Ilitangazwa kwa kipaza sauti, kuanzia sokoni hadi stendi, kwamba Kamati ya Kulinganisha Raha za Miji imewasili Newala ikitokea Masasi, na kwamba kwa siku nne itapima kitaalamu ni mji upi kati ya hiyo miwili ulio mzuri zaidi kuishi. Mji utakaoonekana mzuri utapewa cheti chenye fremu. Mji utakaoonekana mgumu utapewa pampu mpya ya maji, kama pole. Wananchi waliombwa waishi kama kawaida, ila kwa usafi zaidi.

Mtendaji, Bwana Zabroni, alikuwa ameshachagua. Pampu ingefungwa bondeni huko, chini ya mji, nani angeiona? Cheti kingetundikwa ofisini kwake, usawa wa macho ya kila anayeingia. Siku hiyohiyo akatoa agizo: hadi wageni waondoke, dumu la maji lisionekane barabara kuu, kwa sababu linaharibu mandhari.

Wanawake wakaanza kupita kwenye mikorosho.

Sijaona alikuwa msichana wa kazi katika nyumba ya wageni ya Mama Huruma. Alikuwa na miaka kumi na tisa na maneno machache. Wageni wengi walidhani ni bubu, naye hakuona sababu ya kuwasahihisha. Ilikuwa Oktoba. Kisima cha uani, kile kinachokinga maji ya mvua kutoka kwenye bati, kilikuwa kimebakiza tope na chura mmoja. Kwa hiyo kila alfajiri Sijaona alishuka bondeni, akapanga foleni, akapanda na ndoo kichwani, kisha akashuka tena. Ndoo tatu zilikuwa za mwenyekiti, Mzee Eliakimu. Moja ilikuwa ya katibu wake, Alfredi, ambaye alikuwa mtu wa kuoga haraka.

Wageni hawakuambiwa. Huku juu mgeni haambiwi habari za maji. Anaoga kwanza, na akishaoga hakuna haja tena ya kumwambia. Ndivyo Mama Huruma alivyolelewa.

"Mgeni akijua ulivyohangaika ataoga nusunusu," alisema. "Tumrudishe kwao na jasho la kwetu?"

Siku ya tatu, Sijaona alikuwa anapanga vikombe vya chai wakati mwenyekiti na katibu wanajumlisha alama.

"Joto," alisema mwenyekiti.

"Masasi lipo kila mahali, mzee, hata kivulini. Newala nimeandika halijafika."

"Upepo?"

"Masasi unazuiwa na majabali. Newala upo, ila hauna ratiba. Jana umeondoka na fomu namba sita."

"Mazoezi ya viungo?"

"Hapo Newala wametuacha mbali. Kila alfajiri nawaona kina mama kwenye mikorosho, wanakimbia. Tena wakiniona wanaongeza mwendo."

"Wape zote. Maji?"

Alfredi alifunua ukurasa. "Masasi tulipofika tu, mlinzi alituambia pale getini, 'Wazee, leo maji hamna, mtajipangusa.' Nimewapa mbili kwa kumi."

"Mtu kabla hajakupa hata kiti anakupa matatizo yake. Na hapa?"

"Hapa bado sijauliza."

"Unauliza nini kitu unachokiona? Mimi kila asubuhi nikiingia bafuni nayakuta. Ndoo tatu, zimejaa, zimefunikwa. Andika: maji yapo, yanajileta."

Alfredi akaandika kumi. Sijaona akamimina chai kwenye sahani.

Hakuwa na kinyongo na Masasi. Shangazi yake Salome aliishi huko, na kwa maelezo yake ikifika Novemba mtu analala sakafuni kama samaki aliyeanikwa. Masasi nao pampu ingewafaa. Ila nyumbani kwao alikuwapo Queen, mdogo wake, darasa la nne. Wiki iliyopita mama yao alikuwa amesema kwamba Januari Queen atapumzika shule kidogo, asaidie maji. Sijaona naye aliwahi kuambiwa apumzike kidogo. Huu ulikuwa mwaka wa nane, na bado alikuwa anapumzika.

Alimfuata Mama Huruma jikoni. "Wameandika maji yapo."

"Si yapo?"

"Nachota mimi."

"Sasa hilo ndilo la kumwambia mgeni? Utatuaibisha, mwanangu."

Asubuhi ya nne, matokeo yalikuwa yasainiwe ukumbini saa tatu. Bwana Zabroni alikuwa ameshapigilia msumari wa kutundikia cheti. Sijaona alishuka bondeni kama kawaida na kupanda kama kawaida. Ndoo ya katibu aliiweka mahali pake. Ya mwenyekiti aliingiza moja tu bafuni. Mbili zilizobaki alizipeleka kwao, akamwambia Queen avae sare aende shule, maji ya leo yapo. Kisha akarudi, akasimama karibu na mlango wa bafu na kungoja.

Mzee Eliakimu aliingia akiimba. Wimbo ulikatika katikati ya ubeti.

"Binti."

"Abee, baba."

"Maji yamekwisha, na mimi nina povu kichwa kizima."

"Ndiyo, baba."

"Yafungulie basi."

"Hayafunguliwi."

"Kwani siku zote yanatoka wapi?"

"Bondeni. Nayaleta kwa kichwa."

Ndani, kopo lilianguka. Mama Huruma alijifunika mdomo kwa kanga. Bwana Zabroni, aliyekuwa amefika na koti lake kuwasindikiza wageni, alicheka kile kicheko cha ofisini.

"Mheshimiwa, huyu hajasoma. Maji yapo tele. Naleta sasa hivi."

Akanyakua dumu la njano la Mama Huruma akatoka. Nyumba ya kwanza aliyobisha hodi ilikuwa imetii agizo lake: madumu yalikuwa chini ya kitanda, makavu. Ya pili hivyohivyo. Ya tano nayo ilikuwa tiifu sana. Kwa njia ya mikorosho angechelewa, kwa hiyo akashika barabara kuu kuelekea bondeni, na koti, na dumu, mbele ya soko zima.

"Shikamoo, mtendaji," alisema muuza mihogo. "Sogea pembeni kidogo. Unaharibu mandhari."

Kule bafuni povu lilianza kukauka.

"Alfredi, upo?"

"Nipo, mzee. Mimi nimeshaoga."

"Sikukuuliza hilo. Ile kumi ya maji, futa."

"Niandike ngapi?"

"Muulize mwenye maji. Mimi hata kufumbua macho siwezi."

Alfredi alivuta kigoda, akaketi mbele ya Sijaona na fomu ya mtoa taarifa magotini. Haikuwahi kutokea mtu mwenye fomu amngoje yeye aseme.

"Jina?"

"Sijaona Barnaba."

"Elimu?"

"Darasa la nne. La tano sikumaliza."

"Sababu ya kuacha. Hapa kuna visanduku vitatu: utoro, ugonjwa, kutopenda shule."

Sijaona aliviangalia visanduku. Kwenye daftari la shule aliandikwa mtoro. Nyumbani hawakubisha, na yeye, miaka minane, hakubisha.

"Chora cha nne," alisema, na hata mwenyekiti alimsikia kule ndani. "Shule nilikuwa naipenda. Nilikuwa bondeni."