Cherehani ya Tatu

Jumatatu, 4 Agosti 1969
Nimeamua. Naacha kazi. Miaka tisa kwenye cherehani ya tatu hapa Buyenzi, na leo Mzee Atumani, mwenye duka, amempa Idi mkasi wa kukatia. Idi, mtoto wa dada yake! Ana wiki tatu dukani na vifungo bado vinamshinda. Ng'ambo ya ziwa milima ya Uvira imefunikwa na vumbi la kiangazi. Huko nitafungua duka langu, lenye mlango wa buluu. Niliuona wazi kabisa, nikajidunga kidole.

Jumatano, 6 Agosti
Mpango umeiva. Idi anakata suti ya harusi ya Bwana Sylvère wa Kiriri. Nitanyamaza. Aharibu, Mzee aone, kisha niage huku nikibembelezwa. Mchana Idi alikata suruali, miguu yote miwili ya kushoto. Nikauona tena ule mlango. Una kengele ndogo.

Alhamisi, 7 Agosti
Sikuweza. Kitambaa kizuri vile kilinitia huruma. Idi alipokwenda kula, nilikata mguu wa kulia kwenye kipande kilichobaki, nikashona mwenyewe. Jioni Mzee aliikagua suti, akamsifu Idi mbele yetu sote. Mjinga mimi.

Jumamosi, 9 Agosti
Nilivaa shati jeupe, nikamwambia Mzee naondoka. Roho iliniuma kweli. Hakukasirika. Alinishika mkono akaniingiza ndani, tukala wali sinia moja na Idi. Miaka tisa nimekuwa nikila barazani! Akasema, "Namegabe, we si mutu wa kazi tena. We ni mutu wa hapa nyumbani." Machozi yalidondokea mchuzi. Nikasema sitaondoka. Ndipo akaeleza kwamba mtu wa kazi angenung'unika, ila mtu wa nyumbani atafurahi kumfundisha Seifu, mpwa wake wa pili, anayekuja kuwa msimamizi wetu.

Jumatatu, 11 Agosti
Seifu ameingia. Ameuliza uzi unapitia wapi. Nimewaza kutwa nzima, nikitazama vumbi juu ya ziwa, mpaka nikaona mwanga. Kama mimi ni mtu wa nyumbani, basi na ndugu zangu ni wa nyumbani. Nimemwandikia Cirimwami, mtoto wa dada yangu, aje upesi kutoka Bukavu. Hajawahi kugusa sindano. Atakaa cherehani ya nne, anayoshonea Pierre, na Pierre atasogea nyuma kule kwenye pasi. Pierre ni fundi hodari, lakini hana mtu hapa. Nilimweleza kwa upole. Alikuwa anatazama ng'ambo ya ziwa. Sijui ana nini siku hizi.