Asilimia Mia na Tisa

Jumatatu, saa mbili na nusu asubuhi, Idara ya Vibali na Mihuri iliutangazia umma kwamba malalamiko yamekwisha. Si kupungua; kwisha. Mkurugenzi alisimama kwenye ngazi za jengo na kipaza sauti mkononi. Mbele yake foleni ya watu mia tatu na ushee ilianzia dirishani, ikapita kwenye maegesho, ikatoka getini na kwenda kuegemea ukuta wa shule ya jirani, ambako watoto walikuwa wameshawajua baadhi yao kwa sura.

"Ndugu wananchi," akasema, "mmeridhika."

Watu wakatazamana.

"Mmeridhika kwa asilimia tisini na saba nukta nne. Sisemi mimi. Zinasema takwimu, na takwimu hazina shangazi wala mjomba."

Mzee mmoja aliyekuwa amekalia gazeti lake akamgeukia jirani yake. "Hiyo iliyobaki ndiyo sisi?"

"Nyamaza, baba, utatushusha."

Nyuma ya Mkurugenzi alisimama mtakwimu wa Idara, kifua mbele, kama jogoo anayeamini kwamba asipowika hakuchi. Mama yake alimpa jina zuri tu, lakini ofisi nzima ilimwita Asilimia, naye alilipokea kama mtu anavyopokea cheo. Tisini na saba nukta nne ilikuwa mtoto wake. Aliizaa, akailea, na sasa alikuwa anaiona ikisimama mbele za watu.

Na kusema haki, kazi yake ilikuwa safi. Kila mwananchi aliyepata muhuri alirudishiwa karatasi yake pamoja na Kadi ya Kuridhika. Swali lilikuwa moja, visanduku viwili: nimeridhika, sikuridhika. Mtu anaweka alama, anatumbukiza kadi kwenye sanduku, anakwenda zake. Jioni Asilimia anazihesabu mara mbili, anaziingiza kwenye kompyuta, anapiga miayo ya mtu aliyelitumikia taifa.

Idara ilipoanza zoezi hilo ilikuwa na madirisha manne, na walioridhika walikuwa asilimia sitini na moja. Aibu. Kisha kiti cha karani wa dirisha la nne kikavunjika mguu, dirisha likafungwa kusubiri kiti, na mwezi uliofuata kuridhika kukapanda hadi sabini na nne. Karani wa dirisha la tatu akaenda likizo ya uzazi: themanini na sita. Dirisha la pili likakwama kitasa: tisini na saba nukta nne.

Mtu wa kawaida angesema ni bahati. Mkurugenzi hakuwa mtu wa kawaida, alikuwa na kadi za biashara zenye maandishi ya dhahabu. Alimwita Asilimia ofisini, akafunga mlango.

"Mtaalamu, unaona ninachokiona?"

"Naona, Mheshimiwa."

"Tatizo la wananchi ni madirisha."

Asilimia akachukua rula, akaunganisha nukta zake nne. Zilikaa karibu kabisa na mstari mmoja, jambo ambalo mtakwimu huliona mara chache maishani, na wengine hustaafu bila kuliona. Akauendeleza mstari hatua moja mbele, pale penye madirisha sifuri.

"Mia na tisa," akanong'ona.

"Mtu anaweza kuridhika zaidi ya mia?"

"Kwa mujibu wa mstari, hana budi."

"Na mihuri watapigiwa wapi?"

"Hilo ni suala la utekelezaji, Mheshimiwa. Sisi tumejikita kwenye matokeo."

Mkurugenzi akamkumbatia. Siku hiyohiyo barua ikaenda kwa Waziri, na majibu yakarudi kwa kasi ambayo Idara haikupata kuiona katika barua yoyote: Waziri angekuja mwenyewe, Ijumaa saa nne asubuhi, kulifunga dirisha la mwisho kwa ubao na misumari.

Lingekuwa jambo la furaha tupu kama mtu wa mia mbili na kumi na mbili kwenye foleni ile asingekuwa dada yake Asilimia.

Dada huyu alikuwa fundi cherehani. Wazazi walipoondoka mapema alibaki na mdogo wake wa darasa la tano na cherehani ya kukanyaga, na kwa miguu yake miwili akamkanyagia mdogo wake sekondari, akamkanyagia chuo, mpaka akamvisha suti aliyoishona mwenyewe siku ya kupokea shahada ya takwimu. Sasa kibali cha kibanda chake sokoni kilikuwa kinaisha. Uongozi wa soko ulikuwa umemwambia bila kumung'unya: Ijumaa saa sita mchana, bila muhuri mpya, kibanda namba arobaini na moja anapewa muuza makava ya simu, ambaye tayari alikuwa amepita na futi kamba kupima ukuta.

Jumanne mchana Asilimia alimkuta kando ya geti, ameketi juu ya ndoo aliyoipindua, anapinda suruali ya mteja huku foleni ikisogea kama konokono mwenye msiba.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Nimesikia nimeridhika."

"Si wewe hasa. Ni wastani."

"Huyo wastani yuko wapi kwenye foleni? Nimetazama mbele na nyuma, simwoni."

"Wastani hapangi foleni, dada."

"Kumbe ndiyo maana ameridhika." Akakata uzi kwa meno. "Hebu nieleze. Mliwauliza watu gani?"

"Wote waliohudumiwa. Hatukubagua."

"Na yule mama wa jana aliyekaa hapa tangu alfajiri, akaanguka kwa jua, wakambeba? Alijibu nini?"

"Huyo hakufika dirishani. Hayumo kwenye sampuli."

"Na wale vijana waliochoka wakaenda zao wakitukana?"

"Hawamo."

"Kwa hiyo mtu akifia hapa kwenye foleni, kwenu ni mtu asiye na lalamiko."

Asilimia akafikiri. Alikuwa mkweli, hilo halina ubishi. "Kitaalamu, ndiyo."

"Sikiliza. Mwezi uliopita nilikuja na karatasi ya jirani yangu wa sokoni, nikapigiwa muhuri siku ya tatu, saa tisa na nusu, dirisha linafungwa. Yule karani ningeweza kumbusu. Nikaweka alama ya kuridhika mpaka kalamu ikatoboa kadi. Unadhani alinihudumia vizuri? Hata usoni hakunitazama! Nilifurahi kwa sababu yamekwisha. Mkifunga madirisha, wanaofika ni wenye roho ya paka, na paka akitoka kisimani halalamiki kwamba maji yalikuwa baridi."

Asilimia alirudi mezani kwake, akaketi mbele ya mstari wake. Ulikuwa bado umenyooka. Lakini aliuangalia kama mtu anavyoangalia mchumba baada ya kuelezwa habari zake na jirani.

Jumatano alimwendea bosi wake.

"Mheshimiwa, huenda sampuli ina kasoro. Tunawauliza waliofika tu."

"Sasa tuwaulize wasiofika? Wako wapi?"

"Wamekwenda, Mheshimiwa."

"Basi wangekuwa na shida wasingekwenda." Mkurugenzi akaendelea kujaribu nyundo ya sherehe, iliyofungwa utepe wa bluu kwenye mpini. "Mtaalamu, usinitie mchanga kwenye wali wangu. Waziri anakuja. Kama una ndugu kwenye foleni, mwambie astahimili kizalendo."

Akazuia pia mtu yeyote kupitishwa mbele, maana eti wa upendeleo angeridhika kupita kiasi na kuharibu takwimu. Hapo, kitaalamu, alikuwa sahihi, na ndicho kilichomuuma Asilimia zaidi.

Alhamisi jioni dirisha lilifungwa karani akiwa na mtu wa mia moja tisini na nane. Asilimia akapiga hesabu kwa vidole, kama mtoto wa chekechea. Kuanzia saa mbili hadi saa nne, kabla Waziri hajafika, karani huhudumia watu kumi, siku akiwa hana mafua. Dada angekuwa bado na watu watatu mbele yake wakati msumari wa kwanza unapigwa.

Sasa, mtakwimu akibanwa haombi dua kwanza. Anafungua kabati. Asilimia alitoa mafaili ya utumishi ya miezi ileile minne na kuanza kutafuta safu nyingine yoyote iliyokwenda sambamba na furaha ya wananchi. Akapata idadi ya balbu zilizoungua, haikunyooka. Akapata chai iliyonywewa ofisini. Iliyumba kama mlevi. Kisha akapata safu ya wakuu. Akaisoma, akavua miwani, akaifuta, akaisoma tena, na kwa mara ya kwanza wiki ile akacheka peke yake mpaka mlinzi akachungulia.

Ijumaa saa nne kamili Waziri akashuka garini. Ubao ulikuwa tayari, umepakwa rangi ya bluu na kuandikwa TUMEKURIDHISHA. Seremala alikuwa na misumari mdomoni. Dada alikuwa wa nne kutoka dirishani, jasho linamtoka, karatasi ameikunja mara nane kiganjani.

"Mtaalamu atueleze kwa ufupi," Mkurugenzi akasema, "halafu tupige msumari."

Asilimia akatundika chati ya kwanza. Madirisha manne, matatu, mawili, moja. Sitini na moja, sabini na nne, themanini na sita, tisini na saba nukta nne. Waziri akapiga makofi. Wapambe wakapiga makofi. Mzee wa gazeti naye akapiga, maana miguu ilikuwa imekufa ganzi na alitaka kuchangamsha damu.

"Mheshimiwa Waziri, sayansi inatutaka tuangalie pia mambo mengine yaliyobadilika wakati uleule." Akatundika chati ya pili. "Tulipokuwa na madirisha manne, Idara ilikuwa na wakuu wanne: Mkurugenzi na wasaidizi wake watatu. Wa kwanza akahamishwa: sabini na nne. Wa pili akaenda masomoni: themanini na sita. Wa tatu akagombana na Mkurugenzi, akaacha kazi: tisini na saba nukta nne. Amebaki mmoja."

Hata seremala aliacha kutafuna msumari.

Waziri akasogea karibu na chati. "Na tukifika sifuri?"

"Mia na tisa, Mheshimiwa."

"Ileile?"

"Ileile. Kwa takwimu tulizonazo, Mkurugenzi na dirisha hatuwezi kuwatofautisha."

"Huu ni upuuzi!" Mkurugenzi akadakia. "Hizo ni namba tu! Zimeangukiana kwa bahati!"

"Mkurugenzi," Waziri akasema taratibu, "uliniandikia kurasa kumi na sita kwamba namba hizi hazikosei. Nilizisoma. Karibu zote." Akamgeukia Asilimia, macho yakimng'aa. "Basi tuondoe vyote viwili leo, dirisha na Mkurugenzi. Si itakuwa mia mbili na kumi na nane?"

"Utafiti haukubali, Mheshimiwa. Tukiondoa viwili kwa mpigo na wananchi wakafurahi, hatutajua ni kipi kilichowafurahisha. Watu watabishana mageuzi ni ya nani." Waziri akakunja uso, suala la mageuzi ni ya nani lilikuwa limemkosesha usingizi wizara tatu mfululizo. "Lazima tubadilishe kimoja, kingine kirudi kilivyokuwa mwanzo. Ama tufunge dirisha na kuwarejesha wakuu wanne, ama tumwondoe Mkurugenzi na kufungua madirisha yote manne."

"Kipi ni chepesi?"

"Kuajiri wakuu watatu ni miezi tisa, ikiwa hakuna rufaa. Madirisha yanataka kiti kimoja, na kitasa kipigwe teke. Karani wa tatu alisharudi likizo, yuko stoo anapanga mafaili."

"Na Mkurugenzi anataka nini?"

"Sahihi yako, Mheshimiwa."

Waziri alikuwa na kalamu. Mawaziri huwa nayo. Akaandika juu ya mgongo wa msaidizi wake: kwa ajili ya kukuza kuridhika kwa umma, Mkurugenzi anapumzishwa mara moja, na barua hii ni halali ikishapigwa muhuri wa Idara. Akapiga picha na chati zote mbili, akampa mtaalamu mkono, akaingia garini kabla vumbi la kwanza halijatua.

Kitasa cha dirisha la pili kilipigwa teke na seremala, bila malipo. Karani wa tatu akatoka stoo na kukaa dirishani kwake. Karani wa nne akaletewa kiti cha Mkurugenzi, kile kinachozunguka, akazunguka nacho mara mbili kabla ya kumwita mtu. Foleni, ambayo kwa miezi minne ilikuwa imesahau miguu ni ya nini, ikaanza kutembea.

Saa tano kasoro robo dada alikuwa ameshaweka kiwiko kwenye dirisha la kwanza aliposikia mtu anakohoa begani kwake. Alikuwa Mkurugenzi, barua mkononi. Bila muhuri alikuwa hajapumzishwa kihalali, na bila kupumzishwa kihalali asingeweza kuomba kazi kwingine; alikuwa ananing'inia kama nguo isiyo na kibanio.

"Mama, nipishe kidogo. Nina haraka."

Dada akamtazama kuanzia tai mpaka viatu, jicho la fundi anayepima kitambaa.

"Hapa wote tuna haraka, baba. Ndiyo maana tumepanga foleni."

Muhuri ukashuka kwenye karatasi yake kwa kishindo. Hakusubiri wino ukauke. Alipita mbio karibu na mdogo wake aliyekuwa anakunja chati, akamzaba kofi la shavuni, lile la mapenzi, linalouma vilevile, akatokomea upande wa sokoni, ndoo inabamiza goti. Alikuwa na saa nzima na zaidi kabla ya yule muuza makava ya simu kufika na mashelfu yake.

Mkurugenzi akabaki amesimama katikati ya maegesho, anageuka huku na kule.

"Jamani," akauliza, "mwisho wa foleni uko wapi?"

Na tangu Idara ianze kukusanya maoni ya wananchi, hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza watu wote kuulizwa, watu wote wakajibu, vidole vyote vikaelekea getini, na jibu likawa moja.