Mbio za Beseni za Inverlathan

Hatimaye, baada ya mashauriano ya kina, Waswahili wa Thornton Heath walipewa urithi.

Idara ya Ugawaji wa Urithi, yenye makao yake hapa hapa London, ilikuwa imegundua kwamba jamii fulani zina historia ya kumwaga na nyingine hazijapangiwa yoyote. Ikapigwa bahati nasibu ya haki. Wagujarati wa Rayners Lane wakapata kwaya za wachimba makaa wa Wales. Waghana wa Tottenham wakapata jibini. Waswahili wakaangukiwa na wilaya ya Inverlathan, pwani ya Scotland, pamoja na michezo yake yote. Watu wa Inverlathan wenyewe hawakuulizwa, kwa sababu wangeweza kupendelea.

Ndugu Jotham, mwenyekiti wa Umoja wa Waswahili hao, aliupokea urithi huo kwa mikono miwili. Scotland hakuwahi kufika, ila Watford alishafika, na ni njia hiyo hiyo.

Jambo lilikuwa zito. Idara ilishasema kwamba jamii itakayoenzi urithi wake neno kwa neno itabaki na ukumbi wake, na itakayoteleza, ukumbi utageuzwa gym. Katika ukumbi ule watu walikuwa wameozesha, wamelia misiba na kuchangiana nauli za kusafirishia maiti nyumbani. Funguo zake zilining'inia kiunoni mwa Jotham. Alizigusa hata kanisani, kuhakikisha kama bado ni mwenyekiti.

Mchezo mkuu wa Inverlathan ulikuwa hivi. Zamani, maji yakishakupwa, wake za wavuvi walikimbia juu ya mchanga na mizigo ya samaki, kuwahi nchi kavu kabla bahari haijarudi. Wa kwanza kufika alikabidhiwa ufunguo wa ghala la samaki mwaka mzima. Wa mwisho aliosha vyombo vya wote mwaka huo huo.

"Kwetu sisi ghala ni ukumbi," Jotham aliutangazia mkutano. "Na urithi hauguswi hata nukta!"

Alipigiwa makofi. Hesabu yake ilikuwa safi: mwenyekiti akishiriki mbio, itifaki hairuhusu mtu kumpita.

Dada Placida akanyoosha mkono. Ni nesi, mzaliwa wa Mtwara, na shuleni alikimbia mpaka mashindano ya taifa.

"Mwenyekiti, hizi mbio ni za wanawake. Mimi nitakimbia."

"Tumelizingatia hilo, dada. Tumeunda Kamati Ndogo ya Mbio."

"Ina wanawake wangapi?"

"Akina mama tumewapa jikoni. Mbio bila chakula ni mazoezi tu."

"Yaani mimi nitoke night shift, nikukaangie samaki, halafu wewe ndiyo ukimbie kwa niaba yangu?"

"Kwa niaba ya akina mama wote," alisema Jotham kwa unyenyekevu.

Placida aliumia. Alitaka kukimbia, basi. Lakini aliutaka na ukumbi, kwa kuwa mamake aliagwa pale, akameza mate na kwenda kununua mafuta ya kupikia.

Siku ikawadia. Mto Thames nao hujaa na kupwa, na asubuhi ile ulikuwa umekupwa vizuri, mchanga uko wazi. Katikati ya mchanga iliwekwa meza kuu, kitambaa cheupe, maua ya plastiki na maji ya chupa. Wanakamati walikaa na vikapu vitupu, kwani samaki waliondolewa kwa sababu za health and safety. Akina mama walikaanga pembeni.

Aliyekosekana ni mgeni rasmi, Bwana Vinod wa Idara, mzaliwa wa Kisumu.

"Mgeni rasmi si yule pale juu mkahawani?" aliuliza Placida. "Anakunywa chai."

"Bado hajafika."

"Mwenyekiti, namwona!"

"Umemwona," alisema Jotham kwa subira, "lakini hajafika."

Bwana Vinod alifika alipokwisha kuchelewa kwa kiwango cha cheo chake. Ukaimbwa wimbo. Meza kuu ikatambulishwa, kisha ikatambulisha waliosahaulika. Risala ikasomwa.

"Mwenyekiti, maji yanajaa!"

"Kwenye ratiba yapo baada ya neno la shukrani."

Wakati Bwana Vinod anafika kwenye "mwisho lakini si kwa umuhimu", soksi zake zililoa. Maua ya plastiki yakaelekea Greenwich. Kamati Ndogo ya Mbio ilitupa vikapu ikatimua, kila mjumbe na roho yake. Placida hakuwangoja. Alijitwika beseni la samaki wa moto, wenzake wakajitwika yao, akachanja mbuga mpaka kwenye ngazi za mawe, akawapita wajumbe wote huku akicheka kwa sauti kama msichana wa shule.

Nyuma kabisa walibaki wawili.

"Tangulia, mgeni rasmi," alisema Jotham, maji yakiwa kiunoni.

"Hapana, Mheshimiwa, wewe ni mwenyeji."

"Itifaki, bwana! Mgeni hutangulia."

Bwana Vinod akatangulia. Jotham akamfuata, hatua mbili nyuma, kama inavyopasa.

Juu ukingoni, Bwana Vinod alikamua tai yake, akatangaza kwamba Idara haijawahi kuona uhalisia wa namna ile: wanawake, samaki, bahari na mayowe. Ukumbi umebaki. Watu wakakumbatiana. Kisha Placida akanyoosha kiganja kwa Jotham.

"Taarifa!" alilia Jotham. "Mimi sikuwa nakimbia, nilikuwa nasindikiza!"

"Mimi nafuata guidelines tu," alisema Bwana Vinod. "Hata nukta, Mheshimiwa. Maneno yako."

Funguo zilitoka kiunoni kwa shida, maana kamba ilikuwa imelowa.

Jumamosi iliyofuata kulikuwa na harusi ukumbini. Jotham, mikono imejaa povu, alisogea hadi mlango wa jikoni meza kuu ilipoanza kutambulishwa, akajikohoza. Placida, funguo kiunoni, alitambulisha mpaka mpiga picha, kisha akawakaribisha watu chakula.

"Na mwenyekiti mstaafu je?" shangazi wa bwana harusi alinong'ona. "Si yule pale mlangoni?"

"Umemwona, shangazi," alisema Placida, "lakini hajafika."