Kuhusu Vidonge vya Manjano Vilivyopitishwa Bila Timbwani Kuulizwa

Timbwani, Likoni
Mwezi wa Mei, 1944

Kwa Bwana Daktari Mkubwa, mwenye kazi ya kupitisha dawa

Bwana Mheshimiwa,

Baada ya salamu nyingi, na kukuuliza hali yako na ya wote walio ofisini mwako, mimi ni Ishaka bin Abdillahi, fundi wa kushona kanzu, mzaliwa wa hapa Timbwani kama baba yangu. Sijapata kuiandikia serikali, wala sikudhani nitaiandikia, kwa kuwa mimi na serikali kila mmoja alikuwa na shughuli zake. Lakini mwezi uliopita serikali ilikuja yenyewe mpaka barazani kwangu, ikiwa ndani ya mkebe wa bati.

Mkebe huo aliuleta Kahindi, msaidizi wenu wa zahanati, mtu mwenye adabu, kwao Utange. Alituamkia, akakaa, akatwambia kwamba kwinini imekuwa haba kwa sababu ya vita, na sasa imetoka dawa mpya ya homa ya mbu, vidonge vya manjano, navyo vimekwisha pitishwa.

Nikamuuliza, "Vimepitishwa na nani?"

Akasema, "Na wakubwa, Mzee."

"Wakubwa gani?"

Akanyoosha mkono upande wa kivukoni. Nikatazama, sikuona mtu.

Hapo ndipo yalipoanzia malalamiko yangu, nami nayaweka kwa nambari ili usipate taabu ya kuyatafuta.

1. Dawa hii imepitishwa mbali. Kahindi mwenyewe alisema inatoka Ulaya, na Ulaya, kwa ninavyosikia, ni baridi tupu, mbu hawakai. Sasa, Bwana, mtu asiyeumwa na mbu ataijuaje dawa ya mbu? Mimi kanzu ya mtu wa Likoni siipimi kwenye mabega ya mtu wa Lamu. Hapa tuna mbu wa kila namna, wa kisimani, wa minazini, hata wa msikitini ambao hawakimbii wakisikia adhana, na hatukuulizwa neno.

2. Rangi. Jirani yangu Ngowa, mchukuzi wa bandarini, alivimeza bila kushauriana nami. Homa ikamtoka, sikatai. Lakini haukupita muda akawa wa manjano kuanzia usoni mpaka viganjani, kana kwamba mkewe Kahaso amempaka bizari tayari kumtia chunguni. Kivukoni watu walimpisha, wakidhani ana maradhi ya kuambukiza, akapata mahali pa kukaa ambapo mimi, kwa umri wangu huu, sijapata kupewa. Kahindi asema rangi itatoka yenyewe. Nikamuuliza itatoka iende wapi, akaanza kuvihesabu vidonge vyake. Na Ngowa mwenyewe haoni vibaya. Nilipompa pole, alinijibu, "Mzee Ishaka, mimi nimegeuka rangi lakini naenda kazini. Wewe rangi yako nzuri, na kila mwezi umelala na homa." Ujuvi huu, Bwana, zamani hakuwa nao. Naomba uandikwe pamoja na madhara mengine ya dawa.

3. Kwa kuwa hamkutuuliza, ilibidi tujipitishie wenyewe. Nimeunda Kamati ya Kupitisha Dawa ya Timbwani na wazee wenzangu wa kahawa, mimi nikiwa mwenyekiti kwa sababu baraza ni langu. Wa kwanza kujaribiwa alikuwa jogoo wangu, niliyempa nusu ya kidonge ndani ya donge la sima. Jogoo huyu, tangu nimnunue, kila akimwona jogoo wa Bi Mwanatatu, mjane wa nyumba ya pili, hukimbilia uvunguni mwa kitanda. Siku ile aliruka ua, akampiga mwenzake mbele ya kuku wote, kisha akapanda juu ya mpunga ulioanikwa, akawika. Bi Mwanatatu akaja mlangoni kwangu, mikono kiunoni.

"Ishaka, huyu umemlisha nini?"

Nikamwambia, "Dawa ya serikali."

Akasema, "Basi na mimi nipe. Nina maneno na mashemeji zangu."

Kamati ikaandika kuwa dawa yaleta ugomvi, na ugomvi huo waambukiza.

4. Kisha tukamjaribu Kahindi. Tulimtaka ameze mbele yetu, akameza. Tukamtazama mpaka kahawa ikaisha, hakufa. Mmoja wetu akasema huenda amezoea. Akameza kingine. Tukasema huenda vya juu ndivyo vizuri, vibaya vimefichwa chini. Akatia mkono mpaka chini ya mkebe, akatoa kingine, akameza na hicho. Tulipomtaka aongeze, alifuta jasho, akasema, "Wazee wangu, nikizidisha nitaugua mimi."

Kamati nzima ikatazamana. Bwana, wataka ushahidi gani tena? Msaidizi wako mwenyewe amekiri mbele ya watu wazima waliovaa kofia kwamba dawa hii yaumiza.

5. Labda utauliza sisi twatumia nini. Twatumia dawa ya marehemu babu yangu, ambayo naiweka ndani ya chupa iliyokuwa ya mafuta ya nywele. Kahindi aliuliza, kwa adabu, ndani mna nini. Nikamwambia mtu haulizi hivyo katika nyumba ya watu. Akauliza nani aliyeipitisha. Nikamwambia babu. Akauliza babu alikufa kwa maradhi gani. Nikamwambia homa, lakini ilikuwa homa nyingine, na asingekunywa dawa yake angekufa mapema zaidi. Mke wangu Barke, aliyekuwa akitumiminia kahawa, alicheka hata akamwaga. Kicheko chake sikitii katika ushahidi.

Kwa hayo yote naomba kwamba dawa isiletwe tena Timbwani mpaka uimeze wewe, kisha mkubwa wako, kisha mkubwa wa mkubwa wako, mpaka hapo wakubwa watakapokwisha, hadharani, pale kivukoni. Baadaye nyote mkae barazani kwangu tuwatazame mpaka turidhike. Chakula Barke atapika, ingawa bado sijamwambia. Atakayegeuka manjano asiruhusiwe kuvuka kurudi mjini mpaka rangi imtoke. Kwa sasa Kamati imetangaza nyumba kwa nyumba kuwa vidonge visimezwe, na kina mama wengi, alhamdulillahi, wametusikia.

Wasalimie wote wa ofisini, mpishi wako, na hao wakubwa wa ng'ambo, ikiwa wapo kweli.

Ni mimi, mwenye kukutakia afya isiyohitaji kidonge,

Ishaka bin Abdillahi
Mwenyekiti

Nyongeza. Barua hii ilichelewa kwa sababu bahasha zimeadimika. Nilipokuwa nikitafuta bahasha, mjukuu wangu Nana, ambaye mamake ametuachia tumlee, alishikwa na homa. Tulimpa dawa ya babu, akaitapika. Tukampa tena. Kufika magharibi alikuwa hanijui, aniita kwa jina la mamake. Barke hakunigombeza. Alikuwa amemshika mkono mtoto, akaniuliza taratibu, "Bwanangu, hiyo kamati yako yakutana lini?"

Nilitoka na mvua, bila viatu, mpaka kwa Kahindi. Nilimkuta akila. Sikumuuliza dawa imepitishwa na nani. Nilimuuliza mtoto wa umri ule ampa kiasi gani. Akaacha chakula chake, akanifuata, akakivunja kidonge kwa mkono wake mwenyewe, akakichanganya na asali, na hakuniambia neno moja la kunisuta. Afadhali angenisuta.

Leo Nana amekaa kitako, ataka mahamri, na alalamika kuwa dawa ni chungu. Nimemwambia asinililie mimi, malalamiko huandikiwa serikali.

Kamati nimeivunja. Nimepita nyumba kwa nyumba kuwaambia kina mama wameze wao na wawape watoto, na sasa kila mlango wanifukuza: wasema nimetumwa na serikali. Hata hivyo wameza, kwa kuwa wamemwona Nana. Mkebe wa Kahindi unakaribia kwisha, na mvua ndiyo kwanza inapamba moto. Kwa hivyo, Bwana, tuletee mwingine upesi.

Na lile ombi langu la wakubwa kumeza mbele yetu, tafadhali liache. Wakubwa ni wengi, watatumalizia mkebe.