Ataweza Kutaja

Jumatatu, 3 Juni
Mkuu wa chuo katuita, mimi wa uokaji mikate na shemeji yangu wa ushonaji. Muhula ujao itabaki kozi moja: ile ambayo wanafunzi wake wengi watatimiza malengo ya somo. Tena tuyaandike upya. “Ataelewa” marufuku! Kasema kuelewa hakuonekani. Tuandike jambo ambalo mwanafunzi atalifanya tukaliona. Upuuzi! Nimeelewa mengi maishani na hakuna aliyeona. Shemeji akaitikia kwa kichwa kama mjusi juani.

Jumanne, 4 Juni
Shemeji kaandika: mwanafunzi ataweza kushona suruali yenye mifuko, peke yake, kwa siku moja. Maskini. Anajichimbia kaburi kwa sindano. Mimi: ataweza kutaja mahitaji ya mkate. Ataweza kutaja sehemu za tanuri. Ataweza kutaja dalili za mkate ulioiva. Nani ashindwe kutaja?
Mama watoto kasoma huku anamenya viazi. Kauliza unga wataushika lini. Nikamwambia haya ni mambo ya kitaalamu. Kasema haya baba, mtaalamu, kamwage maganda.

Jumatano, 5 Juni
Tanuri limefungwa. Tunataja tu, kwa pamoja: unga, hamira, chumvi, maji. Sakafu inang’aa! Binti wa dawati la mbele kauliza tutaoka lini. Nikamjibu kuoka hakumo kwenye malengo. Ng’ambo ya ukuta cherehani zinalia, na mshonaji mmoja analia pia. Raha iliyoje.

Alhamisi, 6 Juni
Mtihani. Wangu wote wamefaulu! Kwa shemeji kuna suruali mbili zenye mguu mmoja mrefu. Kaja kunipa mkono, kasema hongera shemeji, ila maneno matupu hayavunji mfupa wala hayashibishi. Wivu! Mkuu kafurahi mno, kaagiza kesho bodi inywe chai kwa mkate wa darasa langu. Nikaitikia kabla sijafikiri.

Ijumaa, 7 Juni
Bodi imeketi. Chai inapoa. Wanafunzi wakalizunguka tanuri, wakalitajia mlango wake, trei zake, kitasa chake. Halikupata joto. Nikakanda mwenyewe, jasho likinitiririka. Mwenyekiti akaugonga mkate wangu mezani, vikombe vikaruka. Binti yule akasimama, akataja dalili zote za mkate ulioiva, bila kukosea, kisha akaongeza kwa heshima kwamba huu wa mwalimu hauna hata moja. Bodi ikampigia makofi. Shemeji alikuwa amevaa suruali mpya, miguu sawasawa.

Jumamosi, 8 Juni
Ushonaji umebaki. Nimemwangukia Mkuu. Kanipa nafasi ya mwisho: malengo mapya mezani kwake Jumatatu, la sivyo tanuri linakwenda stoo. Mama watoto kanishauri niandike “ataoka”. Ndiyo maana hakusomea ualimu.
Nimetafakari kwa utulivu na kosa nimeliona. Kutaja kulikuwa kugumu mno, kunawafungua watoto midomo. Nimeandika lengo moja tu, safi, lisiloshindikana: mwanafunzi ataweza kuhudhuria.